Ramlat al-Wahiba msimu wa joto: kupanga safari ya picha Agosti

Ukiwauliza watu wa Maskati wakati wa kwenda kupiga picha kwenye matuta ya mchanga ya Wahiba, jangwa la mashariki ya Oman, watakwambia Novemba mpaka Februari, na hawakosei. Mchana unatembea bila kuungua, usiku unavaa koti, makambi yote yamefunguliwa. Ila kwa sababu hiyohiyo, picha za miezi ile karibu zote zina michirizi ya tairi kutoka bondeni hadi kileleni. Sisi tulikwenda Agosti kwa makusudi. Tulitaka matuta yasiyokanyagwa na tulitaka Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota unaokata anga, juu ya mchanga. Picha tulizipata, lakini tulirudi pia na lenzi iliyokwaruzwa, alfajiri moja iliyopotea kwa ajili ya tairi, na mwenzetu mmoja aliyetutia hofu kubwa kwa joto. Karibu kila hasara ingeweza kuepukwa mezani, kabla gari halijawashwa.

Kwanza, kwa nini msimu wa joto una faida. Upepo unaovuma pale Mei hadi Septemba ni kusi, ileile iliyokuwa ikirudisha majahazi kutoka pwani yetu kwenda Uarabuni. Inafagia. Alama ya mguu ya jioni huikuti asubuhi, na mawimbi madogo ya mchanga huchongwa upya kila siku. Pepo hizi za kusini ndizo zilizojenga matuta yenyewe. Ramla, yaani jangwa lenyewe la mchanga, ina takriban kilomita za mraba 12,500, kama kilomita 180 kutoka kaskazini kwenda kusini na 80 kwa upana, na matuta makubwa ya upande wa kaskazini yamejipanga kwa mistari mirefu ya kaskazini kwenda kusini, na mabonde marefu katikati yake. Kumbuka mwelekeo huo, kwa kuwa mpango mzima wa picha umejengwa juu yake.

Jua linatoka mashariki na kuzama magharibi, kwa hiyo matuta yaliyolala hivyo hupata mwanga wa ubavuni mara mbili kwa siku: uso wa mashariki asubuhi, wa magharibi jioni. Mwanga wa ubavuni ndio unaotoa umbo. Lakini hapa ndipo tulipofanya kosa la kwanza, tena tukiwa bado nyumbani. Tulichagua mahali pa kusimama kwa kutazama picha za Desemba. Desemba jua la pale hutoka kwenye nyuzi 115 hivi za dira, yaani kusini ya mashariki. Katikati ya Agosti hutoka kwenye nyuzi 74, kaskazini ya mashariki, na mwishoni mwa Juni kwenye 65. Tofauti ya zaidi ya nyuzi 40 inatosha kabisa kuutia kivulini uso wa tuta uliouendea, na kuuangaza ule ulio nyuma yako. Programu za simu zinazoonyesha njia ya jua juu ya ramani zinalimaliza suala hili kwa dakika tano. Weka tarehe ya safari yako, usiweke ya leo.

Jambo la pili ni muda wenyewe. Tarehe 12 Agosti, upande wa Bidiya, mji ulio ukingoni mwa ramla, jua linatoka kama saa 11:41 alfajiri na kuzama kama saa 12:39 jioni. Katika latitudo hii halijivuti likipanda. Linakwenda karibu wima, kiasi cha nyuzi 12 au 13 kwa saa. Mwanga wa rangi ya asali unadumu dakika 30 hadi 40, basi. Baada ya saa moja na nusu tangu kuchomoza, mchanga unaanza kuwa mweupe na mawimbi yanafutika. Adhuhuri jua liko nyuzi 82 juu ya upeo, na mwishoni mwa Juni liko utosini kabisa. Tuta lisilo na kivuli kwenye picha ni sawa na ukuta uliopakwa rangi moja. Ukijumlisha, siku nzima ya Agosti inakupa kama saa mbili za mwanga wa kufanyia kazi, ukiweka na dakika za mwanga hafifu kabla jua halijatoka na baada ya kuzama. Saa zilizobaki za mchana hazina picha, zina hatari tu, na mtu anayekaa mchangani adhuhuri "akingoja mwanga" hangoji kitu.

Usiku ndio malipo. Kitovu cha Njia Nyeupe, kati ya makundi ya nyota ya Akarabu (Nge) na Kausi (Mshale), mwishoni mwa Juni hufika juu kabisa saa sita usiku. Katikati ya Agosti hufika hapohapo saa mbili na nusu usiku, kusini halisi, nyuzi 38 hivi juu ya upeo. Sasa rudi kwenye yale mabonde yanayoelekea kusini: ukisimama katikati ya bonde, kuta mbili za mchanga zinakuongoza jicho moja kwa moja mpaka chini ya kitovu. Hapa ardhi na mbingu zimepangwa hivi, na ni msimu wa joto tu unaokupa saa hiyo mapema kiasi cha kulala baadaye. Ndiyo maana mimi napendekeza Agosti kuliko Juni.

Chagua siku kwa mwezi mwandamo: tarehe 26 mpaka tarehe 3 ya mwezi unaofuata ndizo zenye giza la kutosha. Kwa mwaka 2026 mwezi mpya unaangukia 12 Agosti, na usiku wa 12 kuamkia 13 ndio kilele cha vimondo vya Perseidi. Giza kamili linaingia karibu na saa 2 usiku, kwa hiyo ukiwa umeshasimamisha kamera saa 1:30 huna haraka.

Ubaya wa msimu huu usiousikia kwa wepesi ni kwamba jangwa linahamwa. Wabedui wa Wahiba wakati wa joto husogea kwenye mitende ya pembezoni kuvuna tende, na makambi mengi ya wageni hufungwa. Januari ukinasa mchangani atatokea mtu ndani ya nusu saa. Agosti unaweza kukaa mpaka kesho. Kwa hiyo mambo matatu hayana mjadala: magari mawili, mwenyeji anayeijua ramla, na mtu mjini mwenye ramani yako na saa ya mwisho ya kupokea simu yako. Sisi tulimpata mwenyeji Bidiya kwa riali 30, jioni na asubuhi. Ukipita Ibra usione haya kusalimia kwa Kiswahili. Koo nyingi za Sharqiya, eneo hili la mashariki, zina undugu na Unguja na bara, na mzee mmoja anayekujua anatokeza watu watatu wa kukusaidia.

Gharama nyingine, kwa watu wanne: magari mawili yanayovuta magurudumu yote manne kwa siku mbili, riali 140; petroli riali 44; vyumba viwili vya kujificha na jua mchana, riali 36. Iliyotuuma ni riali 40 za kusafisha mchanga, tulizokatwa wakati wa kurudisha gari. Kifungu kilikuwamo kwenye mkataba na hatukukisoma. Soma pia kifungu cha bima, kwa sababu mikataba mingi ya kukodi inaiondoa bima mara tu unapoacha lami. Kama kuna mmiliki anayekubali mchanga kwa maandishi, mlipe zaidi na uwe na amani.

Tairi zinastahili maelezo marefu, maana ndizo zilizotuibia alfajiri. Mchangani unapunguza upepo ili tairi litandazike na lisichimbe. Kwa gari la kawaida la jangwani ni psi (kipimo cha upepo wa tairi) 15 hadi 18. Kutoka Maskati ni kilomita 200 na ushei, na baada ya saa mbili na nusu kwenye lami ya Agosti tairi linachemka. Hewa ya moto inasoma juu. Tulipunguza mpaka 15 saa 11 jioni, tukaridhika. Kila joto la tairi linaposhuka nyuzi 10, kipimo kinashuka karibu psi 1, na kutoka tairi lililochemka mpaka hewa ya alfajiri ni nyuzi 35 au 40. Kwa hiyo alfajiri tulikuwa na psi 11 na nusu bila kujua. Gari likakata kona kwenye mteremko, tairi la nyuma likachomoka kwenye rimu.

Dawa yake ni nyepesi: jioni tairi likiwa la moto simama kwenye 18 au 19, kisha pima tena kabla ya kuwasha gari alfajiri na urekebishe. Likishachomoka, weka jeki juu ya ubao mpana (bila ubao jeki linazama), inua, futa mchanga wote kwenye mdomo wa tairi na rimu, kisha jaza kwa pampu yenye nguvu mpaka usikie limebana kwa mlio. Ilituchukua saa moja na dakika kumi. Tulipomaliza jua lilikuwa limeshapanda na mwanga wa asali umekwisha. Na ukitoka, jaza upepo kabla ya kuikanyaga lami. Tairi laini kwenye lami ya moto linapasuka.

Beba sepetu mbili, vibao vinne vya kutolea gari, mkanda wa kuvutia na kipimo cha upepo kisichotegemea pampu. Mchanga wa jioni, uliokaushwa na jua la siku nzima, ni laini kuliko wa alfajiri. Kwa hiyo gari lisiende mbali jioni. Safari ndefu iwekwe asubuhi.

Maji: lita 8 kwa mtu kwa siku, juu yake lita 10 kwa kila gari zisizoguswa. Nusu yake gandisha kwenye chupa za lita moja na nusu, ukiacha nafasi juu ili zisipasuke. Lakini maji matupu hayatoshi, na hili lingeweza kutugharimu maisha. Mwenzetu alikunywa maji mengi sana siku nzima bila chumvi wala chakula. Baada ya kupanda tuta mara mbili alianza kuumwa kichwa, kisha kichefuchefu, kisha akawa anajibu maswali kwa kuchelewa. Kuchelewa kujibu ndiyo ishara ya kusitisha kila kitu. Tulimlaza ndani ya gari lenye kiyoyozi, tukamlowesha nguo na kumpepea, na alipokuwa sawa tukampa maji ya chumvichumvi wanayopewa wanaoharisha (ORS), yale ya pakiti moja kwa lita moja. Alipona ndani ya saa mbili. Mtu akichanganyikiwa kabisa au akizimia, usimpe kitu mdomoni: endelea kumpoza kwa maji na upepo, na piga 9999, namba ya dharura ya Oman. Tangu hapo kila mmoja wetu anakunywa pakiti moja adhuhuri na moja jioni, pamoja na tende na laban (mtindi wa kunywa) yenye chumvi.

Wala usidhani usiku utakupumzisha. Qurayyat, pwani ya Oman, tarehe 26 Juni 2018 joto halikushuka chini ya nyuzijoto 42.6 kwa saa 24 nzima. Ramlani usiku ni afadhali, ila mwili haupati ahueni kamili, na uchovu wa siku ya kwanza unauhamishia siku ya pili. Usiku mmoja unatosha. Tulipanga mitatu, tukakatisha baada ya miwili.

Oman inakataza kazi za juani kati ya saa 6:30 mchana na saa 9:30 alasiri, Juni mpaka Agosti. Sheria hiyo inawalinda vibarua waliozoea jua kila siku. Wewe uliyetoka ofisini ujiwekee kali zaidi: saa 3 asubuhi gari liwe limeshatoka mchangani, na usirudi kabla ya saa 11 jioni. Katikati lala chumbani, au nenda Wadi Bani Khalid kwenye mabwawa na kivuli cha mitende, ukitazama kwanza mawingu ya milimani, kwa sababu mafuriko ya wadi (bonde la mto) huja mtu akiwa anaogelea.

Kuhusu kamera. Watengenezaji wengi huandika kikomo cha nyuzijoto 40, na ndani ya gari lililoegeshwa juani kikomo hicho kinapitwa upesi. Tuliweka kamera kwenye deli kavu, bila barafu, limefunikwa taulo jeupe. Deli linazuia joto kama linavyozuia baridi. Betri nazo humo. Simu usiibandike kwenye kioo cha mbele, itajizima kwa joto, na ramani ikazimika nayo. Pakua ramani kabla, chapisha nyingine kwenye karatasi.

Mchanga unaorushwa na upepo hausafiri juu sana. Sehemu kubwa inaruka chini ya goti, na juu ya kiuno inabaki kidogo. Maana yake ni kwamba upepo ukivuma, picha ya kuinama chini kabisa ndiyo inayoua kamera. Inua stendi mpaka kifuani. Na kwenye stendi vuta kwanza vipande vyembamba vya chini mpaka mwisho, ili vifungio vikae juu ya mchanga. Tukifuata mazoea ya mjini, ya kuanza na vipande vya juu, vifungio vinazikwa na siku ya pili vinasaga kama jiwe.

Lenzi usibadilishe nje. Mwili mmoja wa kamera na lenzi pana, mwili wa pili na lenzi ndefu ya milimita 70–200 ikiwa mnaweza kuazimana. Hiyo ndefu hutumika kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu inabana mikunjo ya matuta pamoja. Kama lazima ubadilishe, ingia garini, zima kiyoyozi, funga milango, ngoja vumbi litulie. Vumbi kwenye kioo cha lenzi lipulizwe kwa kipuliza hewa cha mpira, kisha brashi laini. Kitambaa kikigusa kabla ya kupuliza, chembe ya mchanga inachora kioo. Hivyo ndivyo lenzi yetu ilivyoharibika, kwa upindo wa shati na sekunde mbili za haraka.

Mwanga wa mchanga unaidanganya kamera: inauona mweupe mno, inaupiga kijivu. Ongeza theluthi mbili ya stopu (kipimo cha kiasi cha mwanga) mpaka stopu moja, ukiitazama histogramu, ule mchoro wa mwanga wa picha. Piga RAW, yaani faili ghafi la kamera. Jioni tundu la lenzi la f/8 au f/11 linatosha, na usisubiri jua liguse upeo, maana vumbi la kusi huliua likiwa bado nyuzi tatu au nne juu. Dakika ishirini kabla ya kuzama ndizo zenye kivuli kizuri. Ukingo wa tuta ulioukusudia usiukanyage. Zunguka mbali, pandia nyuma, na kila mtu akanyage mstari mmoja.

Usiku: lenzi ya milimita 14 hadi 20, f/2.8, sekunde 15, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 3200 hadi 6400. Sekunde 25 zinazotajwa na wengi kwa lenzi ya 20 zinavuta nyota kwenye sensa (kipande cha kamera kinachopokea mwanga) za siku hizi. Joto linajaza sensa nukta nyekundu na buluu, na linaongezeka kwa kila picha ndefu unayopiga mfululizo. Ni bora picha kumi za sekunde 15 za kuunganishwa baadaye kuliko moja ya dakika mbili. Mwisho, ukiwa hujaondoa kamera, funika lenzi na piga tano za giza kwa mipangilio ileile; zitakusaidia kuzitoa nukta hizo. Tumia taa nyekundu ya kichwani. Viatu viwe vya kufunika mguu, na uvikung'ute kabla ya kuvaa, kwa sababu nge na nyoka wa mchanga wanatembea usiku kama wewe.

Umande hutokea, kwa kuwa bahari haiko mbali. Kamera ikitoka kwenye gari lililopoa ikakutana na hewa nzito ya usiku, lenzi inafunga ukungu. Iache kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa dakika 20 au 30 ipate joto la nje kwanza. Tukishindwa kusubiri, tunapoteza zilezile dakika kwa kufuta.

Droni inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, kiombwe mapema. Ukikuta familia, salimia, kunywa kahawa, na usielekeze kamera kwa wanawake bila kuruhusiwa waziwazi.

Asubuhi yetu ya pili tairi zilikuwa kwenye 16, zimepimwa. Saa 10:45 tulikuwa juu ya ukingo, Kilimia kimepanda mashariki, upepo umetulia kabisa. Mwanga wa kwanza uliingia ubavuni, upande uleule programu iliyoutaja, na bonde lote lilikuwa halina alama hata moja isipokuwa yetu, nyuma yetu. Tulipiga dakika 35. Saa 2:20 asubuhi tulikuwa kwenye lami, pampu ikinguruma, tunajaza tairi la nne.